Singe Iliyokuwa Kifuo

Utoto wangu wote nazi za nyumbani kwetu zilifuliwa kwenye singe, kile kisu cha kufungwa mdomoni mwa bunduki, na hakuna aliyeona ajabu. Bibi mzaa baba alikuwa na shamba nje kidogo ya mji wa Pangani. Nyuma ya banda la jiko kulikuwa na kigogo cha mkwaju kilichozikwa nusu ardhini, na juu yake kimechomoza chuma kirefu, cheusi, chenye ncha. Hicho ndicho kilikuwa kifuo chetu. Unaishika nazi kwa mikono miwili, unaikita, unapinda, kumbi linaachia. Siku moja baba alikuja na rafiki yake aliyewahi kuwa mwanajeshi. Yule bwana akakitazama kile chuma, akacheka: "Mama, unafulia nazi kwa singe?" Bibi akamjibu kwamba yeye singe haijui, anakijua kifuo.

Mwaka 2003, nilipokuwa najiandaa kwenda Uingereza, nilimwomba kile chuma. Hakukataa, ila alinipa sharti: nimletee kifuo kingine kwanza. Nilikuwa fitta katika gereji ya mabasi Tanga, kwa hiyo nilichukua pati ya springi ya lori, nikaichonga ncha, nikaenda nayo Pangani na kuikita kwenye kigogo kipya. Bibi akaijaribu kwa nazi tatu. Ya tatu ilipoachia ndipo akasema, "Haya, chukua chuma chako."

Kukitoa kwenye kigogo cha zamani ilikuwa kazi ya shoka na tindo. Ndani ya mbao ndimo ulimokuwa mpini wenyewe. Vibao vya mpini vilikwishaoza, umebaki mkia wa chuma na kichwa chake, na pale penye kikingio cha mkono kulikuwa na kitu nisichokitegemea: mkono mmoja wa kikingio umepinda mbele kama ndoana. Nilidhani umepindwa na nyundo ya mtu.

Sasa, fitta ukimwachia chuma chenye kutu na grinda yenye brashi ya waya, usimlaumu kwa kitakachotokea. Usiku ule ule nilianza na brashi, nikaja na msasa, nikamalizia na gurudumu la kitambaa tulilokuwa tukisugulia mapambo ya mabasi. Kufika alfajiri ile singe iling'aa hata ningeweza kuchania ndevu mbele yake. Wenzangu gereji walipiga miluzi. Niliifunga kwa gazeti na taulo, nikaitia ndani ya sanduku la kwenda mizigoni, nikasafiri.

Nilipata kazi Leeds, kwenye karakana ya mabasi. Sikujua kwamba nimetua katika mji wenye mojawapo ya makumbusho makubwa ya silaha duniani. Royal Armouries walifungua jengo lao la Leeds mwaka 1996, na kuingia ni bure, neno ambalo mhamiaji mgeni hulisikia haraka kuliko mengine yote. Jumapili za baridi nilikuwa naingia mle kwa ajili ya joto tu. Siku moja nikasimama mbele ya kabati la kioo na kuiona singe ya bibi yangu. Ndoana ile ile! Hakuna aliyeipinda kwa nyundo. Ilitoka kiwandani hivyo.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Karani mmoja wa karakana yetu alikuwa na baba mkwe mkusanyaji wa singe, akanielekeza kwenye gulio la kumbukumbu za vita ambalo hufanyika kwenye kumbi za michezo: meza ndefu, kofia za chuma, medali, vifungo, na singe zimelazwa mistari kama samaki wa ferini. Nikaenda na yangu, imefungwa vizuri, kwa kiburi cha mtu anayekwenda kuonyesha mtoto wake aliyefaulu.

Yule mzee, baba mkwe wa karani, alivaa miwani, akaipokea kwa kitambaa, akaona ndoana, uso ukamwangaza. Akaigeuza upande mmoja. Akaigeuza wa pili. Mwangaza ukazimika. "Nani amefanya hivi?" Nikajibu, bado najisifu, kwamba ni mimi. Aliishusha mezani taratibu, akakaa kimya muda mrefu kiasi cha mimi kuanza kuona aibu bila kujua ya nini.

Kisha akatoa singe yake nyingine na kunifundisha kusoma, na somo lile nalikumbuka mpaka leo. Hii ni singe ya Kiingereza ya mtindo wa 1907. Waingereza walikuwa wamefupisha bunduki yao ya Lee-Enfield, halafu wakaona askari wao ataonewa kwa urefu na adui mwenye bunduki ndefu, basi wakarefusha kisu: ubapa wa inchi 17, yaani sentimita 43. Umbo waliliiga kwa Wajapani, pamoja na ile ndoana. Mwaka 1913 wakaamua ndoana haina kazi. Mpya zikatengenezwa bila ndoana na nyingi za zamani zikakatwa. Kwa hiyo iliyobaki na ndoana yake ni adimu, na bei yake ni mara kadhaa ya dada zake.

Halafu akanionyesha shingo ya ubapa, pale karibu na mpini. Upande mmoja: taji, herufi za mfalme, 1907 ambao ni mwaka wa mtindo na si wa kutengenezwa (wanaoanza wote hukosea hapo), mwezi na mwaka wa ukaguzi, jina la kiwanda: Wilkinson, Sanderson, Chapman, au Enfield penyewe. Zilizotengenezwa India zina alama ya Ishapore. Upande wa pili: mshale mpana wa mali ya serikali, X ya kuonyesha kwamba chuma kilijaribiwa kwa kupindwa, na vitaji vidogo vya wakaguzi. Na juu ya kichwa cha mpini, ukibahatika, utakuta namba ya singe na herufi za kikosi.

Yangu haikuwa na kitu. Miongo kadhaa ya mvua ya Pangani na maji ya nazi yalikuwa yameiachia walau sehemu ya maandishi yake, maana pale shingoni palikuwa ndani ya mbao, pamehifadhika. Brashi yangu ya waya ilimaliza yote kwa usiku mmoja. Kwa lenzi yake yule mzee aliweza kuona mguu mmoja wa herufi, labda R, labda K. Kama ningemletea ikiwa na kutu yake, pengine tungejua imetoka kiwanda gani, mwezi gani, na imekabidhiwa kikosi gani. Nilikuwa nimekifuta kitabu kwa kukisafisha vumbi.

Aliponiuliza ninauza kiasi gani nilimwambia siuzi. Akasema afadhali, kwa sababu hangenunua.

Tangu siku ile nimejifunza kuviacha vitu kama vilivyo. Kutu haifanani. Ile nyekundu, ya unga, inayobaki kidoleni, hiyo ni hai na inakula, lazima itulizwe. Ile ya kahawia iliyokoza au nyeusi, iliyoshika kama ngozi, hiyo imekwisha kazi yake na sasa inalinda chuma. Ukiibandua hiyo umebandua umri. Kwa kutu hai natumia mafuta mepesi ya cherehani, naacha yalowe siku mbili tatu, kisha nasugua polepole kwa stili wuli laini kuliko zote, ile ya sifuri nne, tena kwa mkono. Pagumu napapapasa kwa kipande cha shaba, kwa kuwa shaba ni laini kuliko chuma cha pua na haichani. Grinda imekaa karakanani, haijavuka kizingiti cha nyumba yangu tangu hapo. Nikimaliza napangusa mafuta yote, napaka nta nyembamba. Wakusanyaji wengi hutumia nta iliyobuniwa British Museum miaka ya 1950 kwa kazi hizi. Kikopo kimoja kidogo kinadumu miaka.

Kosa lililonigharimu zaidi baada ya lile la grinda lilihusu ala. Ukinunua singe pamoja na ala yake ya ngozi, kichwa kinakwambia zikae pamoja, mume na mke. Kumbe ngozi ya zamani imejaa chumvi na tindikali za kiwandani, tena inavuta unyevu wa hewani. Nilihifadhi moja hivyo kipindi kizima cha baridi. Nilipoichomoa mwezi wa nne, ubapa ulikuwa na madoa mekundu kuanzia shingoni hadi katikati, na ile ala ilikuwa imeota ukungu mweupe. Siku hizi kila singe inalala kando ya ala yake, si ndani. Na penye shaba inayogusana na ngozi huota kile kitu cha kijani kama nta. Hicho unakitoa kwa kijiti cha mianzi, kisu usikipeleke hapo. Vidole navyo vina chumvi. Ukimpa mgeni ashike ubapa mtupu, baada ya miezi mitatu utaona alama za vidole vyake zimechorwa kwa kutu, nawe utamkumbuka kwa ubaya bila sababu. Mimi sasa nina glavu za pamba kwenye droo, na ninazitoa bila kuona haya.

Nirudi kwenye ununuzi, maana huko nako nililia.

Kwetu tulikua tukisema babu mkubwa, baba yake bibi, alikuwa askari wa vita vya kwanza. Nani alisema kwanza sijui. Ilikuwa habari ya kwenye misiba na harusi. Kwa hiyo nilipokuwa nazunguka kwenye magulio nilikuwa na kitu kimoja tu rohoni: singe yenye herufi K.A.R., King's African Rifles, jeshi lililokuwa na askari wetu wa Kenya, Uganda, Nyasaland, na baadaye Tanganyika. Na ukiwa na hamu ya kitu, mwuzaji huiona kabla hujafungua mdomo. Mwaka wa tatu wa kukusanya nikaikuta. Mtindo wa 1907, imetengenezwa 1918, na kwenye kichwa cha mpini zimepigwa herufi K.A.R. na namba. Mwuzaji alinipa na hadithi: imetoka kwa familia ya ofisa fulani aliyekuwa Afrika Mashariki. Nililipa pauni 180 pale ambapo singe kama ile, isiyo na herufi, ingenigharimu chini ya nusu. Sikubishana bei hata kidogo. Mtu wa Tanga kutobishana bei!

Nilimpelekea yule mzee wa kwanza, ambaye tulikwishakuwa marafiki. Hakusema neno. Alichukua pamba, akaichovya kwenye spiriti, akapitisha juu ya zile herufi. Pamba ikawa nyeusi. Akapitisha tena. Ndani ya herufi kukaanza kung'aa chuma kipya. Akanipa lenzi nitazame mwenyewe: pembeni mwa kila herufi chuma kilikuwa kimeumuka na kuinuka, ukingo mkali unaokwaruza kucha, wakati sehemu nyingine yote ya kichwa kile ilikuwa imelainika kwa mikono ya miaka tisini. Alama ya kweli huzeeka pamoja na chuma chake. Vishimo vya kutu huipita juu na kuingia ndani yake. Hizi zilikuwa zimepigwa juu ya vishimo, zikavikata. Mtu alikuwa ameketi na nyundo na seti ya herufi, labda mwezi uliopita, akaandika jina la jeshi la babu zangu, akapaka rangi.

Nilichukia, lakini nilipotulia nikaona kwamba fundi mimi, ninayeweza kukwambia boliti imebadilishwa kwa kuitazama tu uzi wake, nilikuwa nimeacha macho yangu nyumbani. Nilinunua hadithi, na chuma nikapewa kama nyongeza. Bado ninayo. Haiko kabatini, iko kwenye sanduku la vifaa, naitumia kuwafundishia wanaoanza.

Funzo lile lilinilipa baada ya miaka miwili hivi. Kulikuwa na singe ya Kijerumani mezani, S98/05, ile yenye ubapa unaopanuka kuelekea ncha, ambayo Waingereza waliipa jina la kisu cha mchinjaji. Hii ilikuwa na meno ya msumeno mgongoni. Za msumeno zilikuwa chache, kwa ajili ya wahandisi na vyeo vidogo, wakatie miti. Lakini propaganda ya maadui wao ilizigeuza kuwa ushahidi wa ukatili, ikafika mahali askari wa Kijerumani waliogopa kutekwa wakiwa nazo, na kabla vita haijaisha jeshi lenyewe lilianza kuyasaga yale meno. Mwuzaji akaniangalia, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanga. Akashusha pumzi kwa furaha: basi hii ni bahati yangu, kwa sababu ilikuwa ya askari mweusi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, ilitoka huko huko.

Nikaigeuza nikatazama mgongo wa ubapa, karibu na mpini, ambapo Wajerumani hupiga taji, W ya Kaisari Wilhelm, na tarakimu mbili za mwaka. Zilikuwa 17.

Mtoto wa Tanga hahitaji kitabu kwa hilo. Vita ilipoanza 1914, askari wengi wa Wajerumani kwetu walikuwa na bunduki kuukuu za mtindo wa 1871, zinazopiga risasi moja moja na kutoa moshi mzito unaomwonyesha adui mahali ulipojificha. Waliposhinda Tanga Novemba ile walijichukulia bunduki za Waingereza kwa mamia. Baada ya hapo Ujerumani ilifanikiwa kupenyeza meli mbili tu. Rubens ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Ikapigwa na Waingereza ikawaka moto, na wapiga mbizi wakazama kutoa bunduki na risasi zilizolowa chumvi. Wazee wa Manza walikuwa wakituonyesha mahali penyewe. Ya pili, Marie, iliingia Sudi, kule Lindi, Machi 1916. Baada yake hakuna meli iliyopita. Novemba 1917 walijaribu kutuma puto kubwa la injini, zeppelin L59, kutoka Bulgaria. Likafika juu ya Sudan, likarudishwa njiani. Sasa singe iliyokaguliwa mwaka 1917 ilimfikiaje askari wa Lettow-Vorbeck? Kwa kuogelea?

Nilimweleza mwuzaji hivyo, kwa adabu. Alipunguza bei papo hapo. Nikainunua, kama singe ya Ufaransa au Flanders, ambayo pengine ndiyo ilivyokuwa, na kibandiko chake kabatini kinasema: Solingen, 1917, haijulikani ilikopita.

Kuhusu kuzionyesha, mwalimu wangu alikuwa mke wangu. Nilipofikisha singe saba nilizitundika sebuleni kwa mtindo wa feni, ncha zote zimeelekea katikati, juu ya rejeta ya joto. Nilidhani pamependeza. Alirudi kazini, akasimama mlangoni na koti lake mwilini. "Baba Salma, hivi vitu vimeingia matumboni mwa watu. Nawe unavitundika tunapolia chakula?"

Nilikuwa na majibu mengi, historia, urithi, sanaa ya chuma. Hakuna hata moja lililosikika vizuri likitoka mdomoni. Halafu hata kiufundi nilikuwa nimekosea. Joto la rejeta lilikuwa limepasua vibao vya mpini wa mojawapo kabla ya mwezi kwisha, na misumari niliyotundikia ilikuwa imeacha mikwaruzo chini ya vikingio. Tuna watoto pia, na nchi ile ina msiba wake wa visu kwa vijana. Kutembea na kisu hadharani bila sababu ya msingi ni kosa, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi hata kukinunua. Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka kumi na tatu, umri wa kutaka kuwaonyesha wenzake. Nikavishusha vyote.

Kabati lililopo sasa liko kwenye ujia wa juu, ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Lina kioo kinene na kufuli, na ufunguo ninao mimi. Singe zimelala mlalo juu ya vishikio vya mbao iliyopigwa varnishi na kufunikwa kitambaa cha pamba, kila moja na ala yake chini yake. Niliepuka mwaloni, kwa sababu mbao zake hutoa mvuke wenye asidi unaoula chuma polepole. Kuna vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, ambavyo navikausha jikoni kila miezi miwili. Ncha zote zinaelekea ukutani, upande mmoja, hakuna inayomwelekea mtu anayepanda ngazi. Hilo nalo lilikuwa sharti la mama Salma, na nakiri kabati limependeza zaidi hivyo. Nikiipeleka moja gulioni huwa imefungwa, iko ndani ya buti la gari, na risiti yake pembeni.

Nyuma ya kabati nilibandika picha ya Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ile ya shaba iliyosimamishwa 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann. Kila aliyepita Posta anaijua: askari ameinama mbele, bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini. Nadhani hakuna singe iliyotazamwa na Watanzania wengi kuliko ile.

Mwaka 2011 tulikuwa na hitima nyumbani, na miongoni mwa wageni alikuja mzee mmoja wa Nairobi, mtu wa Pumwani. Alipokwenda kutawadha alipita mbele ya kabati, akakaa hapo mpaka nikaenda kumtafuta. Alikuwa anatazama ile picha. "Umeshawahi kusoma maandishi yake?" Nimesubiri daladala chini ya sanamu ile mara ngapi, sikuwahi kusoma. Akaniambia maandishi yanawataja askari na yanawataja wapagazi, kwamba wao walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nairobi wana sanamu zao za aina hiyo, na pale mpagazi yumo kwa umbo. "Kariakoo yenu na Kariokor yetu ni jina lao hao hao," akasema. "Sasa kwenye kabati lako wako wapi?"

Nilimjibu kwamba wapagazi hawakuachiwa silaha ya kukusanywa. Akasema ndiyo, ndiyo maana ananiuliza.

Jumamosi iliyofuata nilimpigia simu bibi. Alikuwa amezeeka sana, lakini kichwa chake kilikuwa chake. Nikamuuliza baba yake alikuwa kikosi gani. "Kikosi?" akauliza. Nikamwambia si alikuwa askari wa Mwingereza? Bibi akacheka, kile kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. "Baba yangu hakushika bunduki, mjukuu wangu. Alibeba. Walimkamata njiani anatoka kuvua, wakamtia kamba, akabeba masanduku mpaka Rufiji, akarudi miguu imeoza kwa funza. Nani amekwambia askari?" Na ile singe, ya kifuo? "Tuliikuta shambani tulipohamia, iko kwenye gogo lake. Sikuuliza ilikotoka. Ilikuwa inafua nazi."

Nilikaa na simu mkononi. Pauni 180 nilizolipa kwa herufi tatu za uongo nilikuwa nazilipa ili babu awe askari. Na watu kama yeye kwa upande wa Waingereza peke yao walifikia kama milioni moja, hesabu ambayo majeshi yote ya pande mbili ukiyachanganya hayaikaribii. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Niliisoma ripoti ile usiku mmoja, nikatafuta jina nisilotarajia kuliona. Bibi alikwishafariki wakati huo.

Shangazi yangu alipokuja kututembelea nilimwomba aje na ngata. Alidhani nimechanganyikiwa. "Ngata ya nini huko, mnabeba maji?" Lakini alikuja nayo, ya kanga kuukuu ya bibi, imesokotwa na kushonwa kwa uzi mweusi. Nimeiweka rafu ya katikati, pale ilipokuwa S98/05. Chini yake iko singe ya Pangani, bado inang'aa kijinga kama kioo, na kibandiko kinachosema wazi kwamba aliyefuta alama zake ni mwenye kabati. Nyuma ya ngata sijaandika kitu kirefu: jina la babu mkubwa, Pangani, alibeba mpaka Rufiji.

Wageni wengi hupita singe zote haraka na kuishia kuuliza kile kiduara cha nguo ni nini. Mara ya mwisho walikuwa rafiki zake mwanangu, vijana wawili wakubwa wa mwili. Niliwaambia mzigo wa mpagazi ulizidi kilo ishirini, siku nzima, kwa miezi. Mmoja akasema ishirini si kitu, yeye gym ananyanyua sitini. Nikafungua kabati, nikatoa ile ngata, nikashuka nao mpaka kwenye gari ambako kulikuwa na gunia la mchele la kilo ishirini. Yeye aliangusha mlangoni. Mwanangu alifika kwenye kapeti. Mimi, mwenye miaka hamsini na kitu na goti bovu, nilifika jikoni, shingo inatetemeka, mama Salma akiniangalia na mwiko mkononi.

"Na bado kuna la pili kwenye buti," akasema.